Wagonjwa wa kisukari hawarudi kliniki ya macho: tuanzie wapi?

Kliniki_Wilayani
Wakuu, naomba uzoefu wenu. Mgonjwa wa kisukari anapigwa picha ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), anakutwa na madhara, anaandikiwa arudi baada ya miezi 3 au 4. Haonekani tena mpaka siku anakuja ameshikwa mkono. Ushauri anapewa, kadi anayo. Tunakosea wapi?

Nesi_Macho
Ushauri gani hasa? Kama ni ule wa "sukari inapofusha, usiache kuja", haumshiki mtu anayesoma chati mpaka mstari wa 6/6, yaani anayeona vizuri. Jicho haliumi, haliwashi, si jekundu. Mgeuzie skrini aone mwenyewe: haya madoa mekundu ni damu iliyovuja, haya ya manjano ni mafuta. Pembeni weka picha ya jicho lisilo na ugonjwa. Dakika 2 zinatosha.

Ila wengi tunawapotezea kwenye leza, yale matibabu ya mwanga mkali. Ile ya pembeni mwa retina mara nyingi hugawanywa awamu 2 au 3. Mgonjwa anategemea aone vizuri zaidi, kama jirani yake aliyetolewa mtoto wa jicho. Anatoka na ukungu, usiku anapapasa, anasema wameniharibia jicho. Awamu ya pili humwoni. Kabla hajaweka kidevu kwenye mashine aelezwe bila kuficha: leza hairudishi uoni uliopotea, inalinda uliobaki. Na kadi iandikwe "leza 1 kati ya 3", si "arudi".

Mratibu_Sukari
Sawa kabisa, ila kuna ratiba. Sukari Jumanne, macho Alhamisi: nauli mara mbili, tena ya macho ni ya watu wawili, maana dawa ya kupanua mboni inaacha ukungu kwa saa 4 hadi 6. Aliyekuja na bodaboda yake mwenyewe hilo hakuambiwa. Mwingine anakuja hajala, akidhani anapimwa sukari. Foleni inamkuta anatetemeka. Waambieni wale, wameze dawa kama kawaida, waje na mtu na kofia.

Kamera ikiweza kufuata kliniki ya sukari, kama mpango wa hospitali ya KCMC ya Moshi ulivyofanya Kilimanjaro, ni bora zaidi. Isipowezekana, panga tarehe iangukie siku yake ya sukari. Chukua namba 2 za simu, moja ya anayemsindikiza, upige siku 3 kabla. SMS kwa mtu asiyeona vizuri ni kazi bure.

Kliniki_Wilayani
Nimeelewa. Na wale wanaotibiwa kwa sindano za dawa ndani ya jicho?

Nesi_Macho
Hao huanza kwa kuchomwa kila mwezi, kwa hiyo taja gharama ya sindano 3 za mwanzo kabla ya kumchoma ya kwanza. Wengi hudhani ni moja tu, fedha inaishia hapo. Halafu mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba msimwandikie arudi baada ya mwaka: achunguzwe ndani ya miezi 3 ya mwanzo ya mimba, kisha tena kabla hajajifungua.