Mada: Chama kinaandika mpango mkakati, sisi wa ugenini tuseme nini?

Mtafiti wa udongo:
Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Chama cha kisayansi ambacho wengi wetu humu ni wanachama kimeleta dodoso. Kinaandika mpango wa miaka mitano, na sura nzima inahusu nafasi yake katika jumuiya ya wanasayansi duniani. Maswali mengi ni ya kuweka vema tu, ila la mwisho lina sanduku la kuandika. Mwisho ni Ijumaa. Tukijibu kila mtu kivyake tutapotea. Watu ishirini wakiandika jambo lilelile, litasomwa. Leteni maoni.

Mwanafunzi wa udaktari:
Shikamooni wakubwa. Mimi ninaomba moja: barua ya mwaliko wa mkutano, ile ya kuombea viza. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, mtu anaruhusiwa kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi huchukua siku 15, na wakitaka wanauvuta hadi 45. Mimi niliarifiwa kwamba ikisiri yangu, yaani muhtasari wa utafiti wa kuwasilisha mkutanoni, imekubaliwa zikiwa zimebaki wiki 9. Barua ikaja wiki 3 baadaye, jina la kati halipo na la ukoo limetangulia. Dirishani karani aliweka kalamu juu ya jina la kwenye barua, kisha juu ya la kwenye pasipoti, akauliza, "Huyu na huyu ni mtu mmoja?" Iliyosahihishwa ilipofika, mkutano ulikuwa umeshafunguliwa. Bango nilikuwa nimelichapisha kwenye kitambaa ili likunjike mkobani. Mpaka leo liko nyuma ya mlango.

Mhazini mstaafu:
Marahaba mwanangu, na pole sana. Nikwambie ya jikoni, maana niliwahi kushika hazina ya chama kama hiki: mara nyingi barua hizo haziandikwi na chama chenyewe. Huandikwa na kampuni iliyokodiwa kuendesha mkutano, na kwao ni kazi ya pembeni. Kwa hiyo tusiombe "chama kiwajali wanachama wa nje". Tuombe mkataba na kampuni useme barua itoke ndani ya siku 5, jina likiwa vilevile kama kwenye pasipoti, na ikisiri zijibiwe miezi 5 kabla.

La pili ni nauli. Ufadhili wa "safiri kwanza, leta risiti tutakurudishia" humfaa mwenye akiba. Mwanafunzi anahitaji tiketi iliyokwisha kukatwa.

Ada sina ugomvi nayo. Vyama vingi huipanga kwa makundi ya Benki ya Dunia, kipato cha chini hadi cha juu, kufuata nchi unakoishi. Ukihama tu, badilisha anwani siku hiyohiyo. Nimeona watu wakilipa ada ya nchi tajiri miaka miwili baada ya kuondoka huko.

Mhariri wa jarida:
Naongeza la wale walio katikati ya mikataba ya kazi. Mkataba ukiisha leo, kesho nywila ya maktaba haifanyi kazi. Hinari, mpango wa kusoma majarida bure au kwa bei nafuu ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2002, na mipango mingine kama huo chini ya mwavuli wa Research4Life hupitia taasisi zilizo katika nchi zinazostahili, kwa hiyo wewe uliyeko nje ya nchi hizo huna mlango. Chama kinaweza kuwafungulia wanachama wake majarida yake yenyewe. Hilo liko mikononi mwake.

Na msamaha wa ada ya kuchapisha: wapo wachapishaji wanaoangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, wengine wanataka waandishi wote wawe wa nchi husika. Ulizeni kabla ya kutuma makala. Hata namba ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti popote alipo, isajilini kwa barua pepe binafsi, msitumie ya kazini peke yake. Nimeshapokea kilio hicho mara nyingi.

Mwanafizikia:
Wakubwa, msidharau maneno makubwa, yana kazi yake. Baraza la Kimataifa la Sayansi, lililozaliwa mwaka 2018 mabaraza mawili yalipoungana, lina kanuni za uhuru na wajibu katika sayansi. Uhuru wa mwanasayansi kusafiri umo. Sasa andikeni hivi: kama chama kinataka nafasi duniani, kanuni hiyo ianzie kwenye ofisi inayotoa barua. Hawawezi kuikataa hadharani.

Mtafiti wa udongo:
Kaka, hiyo nimeipenda, nimeiweka juu kabisa. Nimeunganisha yote, lakini sanduku linapokea herufi 600 tu na sisi tuna 1,100. Tukate ipi?

Mhazini mstaafu:
Kateni ya kwangu ya ada, na hadithi za jikoni zote. Siku 5 na jina la pasipoti msiziguse.

Mhariri wa jarida:
Ya kwangu ibaki sentensi ya majarida tu. Hayo mengine ni yetu wenyewe humu.

Mwanafunzi wa udaktari:
Nimehesabu, inaingia. Natuma ya kwangu sasa hivi, mnakili hapa chini.