Familia ya Chumbageni: mpungate wa Mama unanata

Dada Rehema, 07:12
Assalaam alaykum nyote. Nimelala kwa Mama, na asubuhi hii nimeukuta mpungate wa sebuleni unanata kuanzia shina hadi ukingo wa dirisha, huku sisimizi wamepanga msururu kuelekea kwenye chungu. Naomba kila mmoja ajibu leo, kwa sababu tukilipuuza jambo hili vyungu vyote vya barazani vitafuata.

Dada Rehema, 08:40
Naona mmesoma. Idi, picha umeiona?

Salma, 09:05
Shikamoo Shangazi. Huenda si ugonjwa. Mpungate hutoa wenyewe matone matamu karibu na miiba ya vipande vichanga, na sisimizi huyafuata.

Dada Rehema, 09:11
Marahaba. Matone ya namna hiyo huonekana palepale yanapotokea, lakini haya yametapakaa hata kwenye kioo cha dirisha, na juu yake kumeota ukungu mweusi kama masizi. Nimechokoa kwa njiti pale vipande viwili vinapoungana, ndani kabisa ambako kidole hakifiki, nikatoa kitu kama pamba, na ndani yake mdudu mdogo mwenye umbo la yai, amejaa unga mweupe, anatembea polepole. Ni kidung'ata. Wanafyonza utomvu, sukari inayowazidi wanaitoa kwa nyuma, na hiyo ndiyo nata inayofutwa kila siku bila kwisha.

Kaka Omari, 09:30
Kwa hiyo Mama amekuwa akifuta mavi ya wadudu kwa kitambaa cha meza ya wageni.

Idi, 09:31
Nimecheka hadi abiria wenzangu wamenigeukia.

Dada Rehema, 09:31
Kumbe upo.

Shemeji Kariuki, 10:02
Habari za huko. Mponde mmoja kwenye karatasi nyeupe. Akitoa rangi nyekundu nzito, huyo ni wa jamii nyingine, ile iliyoachiliwa makusudi huku Laikipia ili ipunguze mpungate wa mwituni uliovamia malisho.

Kaka Omari, 10:04
Basi huyo wa Mama ni mtumishi wa umma, alipwe posho.

Dada Rehema, 10:09
Nimeponda, nyekundu hakuna. Naomba utani usubiri. Pendekezo langu ni kwamba mpungate uhamie kwangu leo, tuutoe kwenye chungu tukague mizizi, maana vidung'ata wengine hujificha udongoni, kisha tupake spiriti ya asilimia 70 kwa kijiti cha pamba, mdudu mmoja mmoja. Idi atanunua spiriti na udongo mpya.

Idi, 10:40
Kwa nini tusipulize dawa mara moja tukamaliza?

Mama Salma, 10:42
Idi, tusirudie ya mwaridi.

Mama Salma, 10:47
Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, naomba niseme. Majike wa vidung'ata hawana mabawa. Walikuja na kile chungu alichokileta Kaka Omari baada ya harusi, ambacho niliomba kikae nje kwanza wiki chache, nikaambiwa kwamba nina wivu na zawadi za watu. Ujumbe wangu bado umo humu humu, anayetaka autafute.

Kaka Omari, 11:20
Na mbolea ya kukuzia iliyomwagwa humo kila Ijumaa, ililetwa na nani? Mmea ulionenepeshwa kwa mbolea hiyo ndio wadudu wanaoupenda.

Mama, 12:55
Wanangu, nimesoma yote. Mpungate huo baba yenu aliupanda kutokana na kipande kimoja mwaka aliozaliwa Idi, na hautatoka nyumbani humu. Wala sitaki sumu kwenye chumba ninacholia chakula. Muhogo wetu ulipoliwa na ndugu za wadudu hao, waliletwa nyigu wadogo na shamba likapona.

Dada Rehema, 14:30
Tumekusikia, Mama.

Salma, 15:16
Bibi amesema kweli. Nyigu hao walitoka Paraguay, na Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ila wao humwinda kidung'ata wa muhogo, hivyo wa sebuleni itabidi tuwatoe kwa mkono.

Dada Rehema, 16:02
Basi utabaki nyumbani, lakini usogezwe chumba cha nyuma, mbali na mimea mingine na mbali na jua kali. Spiriti ijaribiwe kwanza kwenye kipande kimoja hadi kesho, ndipo tuendelee. Nata na masizi vioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha kwa maji safi. Mizizi ikishakaguliwa iachwe ikauke siku kadhaa kabla ya kupandwa tena, na baada ya hapo usimwagiliwe kwa wiki nzima. Kazi ya pamba irudiwe kila wiki kwa mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu mayai yaliyomo ndani ya ile pamba nyeupe hayafi yote kwa mara moja. Wiki hii nipo mimi. Nani atashika zinazofuata?

Dada Rehema, 18:45
Nauliza tena, nani?

Mama Salma, 19:20
Mimi nitakuja chungu cha harusi kikishatoka sebuleni.

Idi, 21:58
Samahani, simu iliisha chaji. Nimepata spiriti ya jiko, ile ya zambarau. Inafaa?

Dada Rehema, 21:59
Haifai. Nenda duka la dawa.

Idi, 22:03
Yamefungwa.