Waliosomeshwa chuo kwa ufaulu wa kidato cha sita, watu wa Mwanza na visiwani: tupeane uzoefu

Mama Dagaa (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa mwisho kapata divisheni wani ya pointi 4, PCB (fizikia, kemia na biolojia), shule ya serikali hapa hapa Mwanza. Vigelegele vimepigwa, majirani wamekula pilau, pilau limeisha, na sasa kila anayepita mlangoni ananiuliza nani atamsomesha. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, shemeji yake anaendesha bajaji, baba yetu alishatangulia mbele ya haki. Mtoto anataka udaktari, yaani miaka 5 darasani kabla hata ya ule mwaka wa mazoezi hospitalini.

Nasikia kuna Samia, ule ufadhili wa serikali wenye jina la Rais, nasikia kuna wa nje ya nchi, nasikia kuna matajiri wanaosomesha. Matangazo nimeyaona, naomba msiniwekee linki. Nataka aliyepitia aseme ilikuwaje, tangu jina lilipotoka mpaka hela ilipoingia. Halafu dogo mwenyewe yuko JKT, simu hana.

Mtoto wa Magu

Hongereni sana dada. Mimi ni kundi la kwanza kabisa la Samia, mwaka 2022, Wizara ya Elimu ilipoanza na shilingi bilioni 3. Nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikaenda uhandisi UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kitu cha kwanza watu wasichokielewa: ule si mkopo, haurudishwi. Ada inalipwa, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Lakini ni wa tahasusi za sayansi, na chuoni lazima usome sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ukiwa na wani yako ya PCB halafu ukachagua sheria, umejitoa mwenyewe. Na ukifika chuo ukaanza kuchechemea kwenye matokeo, wanakuondoa.

Cha pili: jina kutoka kwenye orodha ya wenye sifa si kupewa hela. Bado unaomba kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo kama wengine, unaweka viambatisho, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Hapo ndipo nilipotokwa jasho. Mimi nimelelewa na baba mkubwa. Shule ya msingi aliniandikisha kwa jina lake, jina hilo likaenda mpaka NECTA, Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba mzazi. Kwa mfumo, hao ni watu wawili. Nilianza safari za Magu na Mwanza, mara ofisi hii inasema kaanzie kule, kule wanasema hiki ni kiapo cha wakili, wakili anataka baba mkubwa aje mwenyewe, na baba mkubwa yuko kwenye mavuno ya pamba hataki kusikia habari za mjini. Aliposhuka kwenye Hiace pale Buzuruga na kofia yake ya pama, akamuuliza wakili, "Huyu nimemlea mimi, wewe unataka nikuapie nini?" Akaapa hata hivyo, akasaini kwa dole gumba.

Kwa hiyo dada, usiku huu huu toa cheti cha kuzaliwa cha dogo, weka kando ya cheti cha form four, soma herufi kwa herufi. Kitu kama "Masanja" na "Massanja" kinatosha kukutesa.

HGL Damu

Ngoja niharibu sherehe kidogo. Mimi nilipata wani ya pointi 3, HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Pointi tatu! Shule nzima tulikuwa wawili. Hakuna aliyenipigia. Nilisoma ualimu kwa mkopo, sasa nafundisha Sengerema na kila mwezi asilimia 15 ya mshahara inakatwa kurudi Bodi. Silalamiki kukopeshwa, mkopo ulinisomesha, na afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa mwaka 2021. Nalalamika kwamba mtoto akifaulu historia tunampa makofi, akifaulu fizikia tunampa ada.

Mtoto wa Magu

@HGL Damu nakuelewa mwalimu. Ila hilo mpelekee Waziri.

Binti Ukerewe

Dada, umesema baba alishatangulia, pole sana. Hapo ndipo stori yangu inapokuhusu.

Mimi pia nilifiwa na baba nikiwa form two. Kuna shirika la Kijapani linaitwa Ashinaga, linachukua vijana wa Afrika waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye ufaulu, linawapeleka kusoma nje. Kuomba ni bure. Masharti yao yanabadilika, soma tangazo la mwaka husika. Ila jua mapema kwamba wao hawaishii kwenye divisheni yako. Wanataka insha: wewe ni nani, umeona tatizo gani kwenu, utarudi kufanya nini.

Nilikaa kwenye stationari Nansio, mwenye duka ananihesabia dakika, na mimi naandika mambo makubwa makubwa kuhusu maendeleo ya Afrika. Mwalimu wangu wa Kiingereza akasoma, akaniuliza, "Mama yako anafanya kazi gani?" Anaanika dagaa. "Mvua ikinyesha?" Nikamwambia basi, mvua ikinyesha tunakimbia ufukweni na maturubai, na tukichelewa, mzigo ukishalowa unaanza kunuka, bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku, na deni la mwenye mtumbwi liko pale pale. Akasema andika hicho. Nikaandika hicho: mchanga, maturubai, bei ya asubuhi na bei ya jioni. Kwenye usaili hawakuniuliza swali lolote la kitabuni, waliniuliza habari za kukausha dagaa, na pale ningeongea mpaka kesho.

Gharama ambazo hakuna anayekutajia ni zile za kabla. Pasipoti shilingi 150,000. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Boti ya kutoka kisiwani kila ukiitwa Uhamiaji mjini. Mama aliuza mashine ya kushonea. Kambi yetu ya maandalizi ilikuwa Uganda, nikapanda meli usiku Mwanza mpaka Bukoba, asubuhi basi la Mutukula, mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka. Nimemaliza shahada Japani. Mambo ya usindikaji wa chakula, mngetegemea nini kingine?

Mzee wa Igogo

Wabeja (asante) binti. Huyo mwalimu wa Kiingereza apewe pikipiki.

Macho Mawili

Tahadhari fupi. Majina yakitoka tu, matapeli nao wanaamka. Walimpigia mke wangu: "Mtoto wako kachaguliwa ufadhili, tuma 50,000 ya uhakiki kwenye namba hii." Wanajua jina la mtoto, shule na tahasusi, maana matokeo yako hadharani. Bodi ya Mikopo ina ada ya maombi, 30,000, lakini inalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, unayoipata mwenyewe ndani ya mfumo. Ukiona namba ya mtu binafsi, kata simu.

Ticha wa Taaluma

Nimesoma wote, na mimi nimekaa ofisi ya taaluma muda mrefu, niseme upande wa hao matajiri.

Mahafali ya form six yanafanyika kabla ya mtihani, mnajua. Watoto wamevaa majoho, wazazi wamekuja na maua ya plastiki, mgeni rasmi kashika maiki, moto umempanda. Mwaka mmoja alikuja mfanyabiashara mmoja, simtaji, akatangaza kwamba yeyote atakayepata wani ya pointi 3 atamsomesha chuo mpaka amalize. Ukumbi ukalipuka. Wakaja na hundi ya mfano, lile bango kubwa la kupigia picha, upana kama mlango. Picha zikapigwa, mgeni akala, akaondoka.

Julai matokeo yakatoka, wawili wakapata pointi 3. Nikapiga simu nikiwa na furaha ya kijinga. Ya kwanza ilipokelewa na msaidizi, bosi yuko safarini. Ya pili, bosi yuko kikaoni. Baadaye ikawa haipokelewi kabisa. Baba wa mmoja wa wale watoto alikuwa anakuja ofisini kila Jumatatu na baiskeli, anakaa kwenye benchi la nje, hasemi kitu. Sijui kama mgeni rasmi alifilisika au alisahau. Lile bango bado tunalo, limeziba dirisha lililovunjika ofisini kwangu, na maandishi yameelekea ndani, "Milioni Tano" nazitazama kila siku.

Watoto wote wawili walipata mkopo wa serikali, wakasoma. Lakini yule mmoja alikaribia kuacha nafasi kwa sababu ya wiki zile za mwanzo. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia na ndiyo sababu naandika. Hela ya kujikimu, boom kwa lugha ya wanafunzi, inahesabiwa 10,000 kwa siku, sawa, lakini haikusubiri getini. Kwanza usajiliwe, usaini, chuo kipeleke majina, ndipo iingie. Kabla ya hapo kuna nauli ya kutoka Nyegezi stendi, kuna bima ya afya ya mwanafunzi 50,400, kuna tozo za usajili ambazo haziko kwenye ada, kuna kula. Mtoto amepewa ufadhili wa mamilioni na analala njaa kwa kukosa laki mbili.

Tulichofanya baada ya aibu ile ya bango: wahitimu wetu wa zamani wana kundi la WhatsApp, tukaacha kuwaomba ada. Tunawaomba hiyo laki mbili tatu tu kwa kila mtoto aliyefaulu na kwao hakuna kitu. Mtu aliyeajiriwa juzi anaweza kutoa hiyo, na anaitoa. Na mgeni rasmi akiahidi siku hizi, mkuu wa shule anampa karatasi asaini pale pale meza kuu, na tunamwomba alipe moja kwa moja kwa kontroo namba ya chuo. Wengine wamenuna. Wanaume kwa wanawake wamenuna. Lakini waliosaini, wamelipa.

Mlima Bugando

Mama Dagaa, mdogo wako akipangiwa vyuo zaidi ya kimoja, kuna kuthibitisha kimoja, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Msimwachie afanye kwa mkumbo wa marafiki. Wenzangu wote walikimbilia Dar, mimi nikathibitisha CUHAS, chuo cha tiba hapa Bugando, kwa sababu kwetu ni Mabatini. Walinicheka. Chuo ni cha taasisi ya dini, ada yake iko juu kuliko ya serikali, kwa hiyo hesabu ya ufadhili ilibidi tuipige vizuri. Ila chumba sikulipia, chakula ni cha mama, na ile hela ya kujikimu ilimsomesha mdogo wangu. Mlima tu ndio uliniadhibu, kupanda kwa miguu na koti jeupe begani, unafika wodini umelowa jasho kabla daktari hajakuuliza swali.

Mama Dagaa

Wakuu, Mungu awabariki. Nimetoa vyeti usiku huu kama mlivyosema. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha form four matatu. Mapema asubuhi tunaanza. Swali moja: dogo yuko kambini, fomu ya Bodi nani anaisaini?

Ticha wa Taaluma

Ya mwombaji anasaini mwenyewe, usimsainie. Lakini sehemu yake ni ndogo. Wewe tafuta mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA, pita kwa mtendaji wa mtaa kwa muhuri, jua wakili au hakimu utakayempelekea, weka picha tayari. Vijana wa mujibu wa sheria huwa wanapata nafasi ya kupiga nyumbani mara moja moja, akipiga usimalizie dakika kwa salamu, muulize namba ya mtihani na neno la siri la akaunti aliyofungua. Akitoka asaini, ipandishe mtandaoni siku hiyo hiyo. Na angalia tarehe ya kufunga dirisha kwenye tovuti ya Bodi yenyewe, si kwenye magrupu.

Binti Ukerewe

Nyongeza: kama ataenda Dar, godoro asibebe. Mzigo kwenye basi watamtoza karibu bei ya godoro jipya. Alinunue huko huko.

Mama Dagaa

Godoro nilikuwa nimeshalifunga kamba jamani 😂