Nimemsamehe kaka yangu, lakini bado naumia

Muulizaji, Likoni
Shalom wapendwa. Marehemu baba alituachia kibanda cha nguo katika soko la Kongowea, naye kaka yangu akakiuza bila kunishirikisha. Nimetamka msamaha mbele za Mungu, lakini kila simu yake inapoita, kifua hunibana. Je, nimesamehe kweli? Tena, akiniomba mkopo, ni lazima nimpe?

Mzee wa kanisa, Changamwe
Dada yangu, kuumia si dhambi. Petro alipouliza kama asamehe hata mara saba, Bwana Yesu alimjibu saba mara sabini (Mathayo 18:22), nami naamini hesabu hiyo yamhusu pia anayelazimika kusamehe kosa lile lile kila linapomrudia moyoni. Ama kuhusu fedha, kusamehe si kumwamini mtu papo hapo; mtazame Yusufu: ndugu zake waliomuuza walipofika Misri hakujitambulisha mara moja, bali aliwapima, akataka wamlete Benyamini, akaagiza kikombe chake kifichwe guniani, na ni baada ya Yuda kujitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake ndipo alipolia kwa sauti (Mwanzo 42–45).

Mama wa Kisauni
Naafiki, ila tusimharakishe. Mpendwa, pokea simu, msalimie, mwulize hali ya watoto; mkopo waweza kuukataa kwa upole.

Muulizaji, Likoni
Asanteni sana. Akipiga nitapokea, na habari ya kibanda nitamweleza waziwazi tukiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza.