Naomba ushauri kuhusu neno "advice" lenyewe

Wakuu habarini, naombeni msaada maana hili neno limeniaibisha. Juzi nimemwandikia bosi imeili nikamalizia na "thank you for your advices", akajibu vizuri tu ila akanirekebisha hapohapo na wenzangu wote wamo kwenye hiyo imeili, nikanywea kabisa. Kumbe halihesabiki, huweki "s" mwishoni wala "an" mbele, ukitaka kuhesabu unasema "a piece of advice", yani kipande cha ushauri, sasa nani anakata ushauri vipande jamani? Lile la "advise" lenye "s" nimeshalielewa, ni kitendo, na mwisho wake unasikika kama z.

Ninapokwama ni kwa ndugu zake. "Tip" naona ni dondoo fupi ya haraka, "guidance" ni kama mtu anakushika mkono hatua kwa hatua na lenyewe halihesabiki, "recommendation" ni pendekezo na hilo unahesabu bila shida. Ila "counsel" ndo linanivuruga, nalikuta sana kwenye mambo ya sheria na huko linaweza kumaanisha hadi wakili mwenyewe. Sasa nikimwambia mshkaji "thanks for your counsel" si ataona najifanya mzee wa baraza?

Na nyie mnaoandika Kiingereza kila siku kazini, mkitaka kuomba ushauri mnaandikaje ili isisikike kama umekariri? Mi mpaka sasa kila mahali ni "please help" tu, hadi najichosha mwenyewe.