Kaniuzia injini ya Fuso imezibwa kwa kopo la mafuta ya kula, halafu ananiambia nikanunue ya mtumbwi!!!

Wakuu mwangaluka. Mikono bado ina grisi na inatetemeka, nimetoka pale sasa hivi. Wa Mwanza wote mnamjua, yule wa injini za mtumba, kiti cha plastiki mlangoni, kijiti cha meno mdomoni toka anafungua mpaka anafunga. Jina sitaji, haina haja.

Mimi nasomba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba napeleka Shinyanga na Kahama. Injini ya Fuso yangu ilikufa Usagara mzigo ukiwa juu, nikajichanga, nikauza ng'ombe wawili, nikampelekea yule bwana milioni tisa na nusu anipe injini ya Fuso aina ya 6D16. Kaiwasha pale pale, inalia kama cherehani, rangi inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu.

Sasa fundi wangu ni mzee msumbufu, injini haipandishi mpaka aikague ikiwa chini. Kaimwagia dizeli kaisugua na brashi, nyuma ya stata rangi ikabanduka kama ganda la muhogo, chini yake gundi ya chuma imejaa kiganja kizima. Kashusha sampo, lile karai la oili chini ya injini, akaniambia hebu mulika humo ndani. Nikamulika na tochi ya simu. Wakuu, NIKASOMA. Ndani ya bloku la injini mimi nimesoma maandishi, herufi nyekundu, LITA 20. Kopo la mafuta ya kula!! Limekatwa na mkasi likapachikwa tunduni! Rodi ya namba 4, ule mkono unaoshika pistoni, ilishatoka nje zamani ikatoboa bloku, wakaweka rodi nyingine na pistoni, wakaziba na kopo, wakapiga rangi. Metali ya namba 4, bamba linalokaa kati ya rodi na krenki, imelika mpaka shaba inaonekana, na krenki yenyewe, mhimili unaozungushwa na pistoni, ukipitisha ukucha unanasa. Ningeifunga ile ingenifia porini na magunia 120.

Ila hilo nilikuwa nimejiandaa tuongee kiume. Nimeenda na simu nimwonyeshe picha, hata hakuangalia, kageuza kijiti upande wa pili wa mdomo akasema: "Wewe biashara yako dagaa, mambo ya maroli umeyajulia wapi? Nenda kanunue ya mtumbwi." Mbele ya watu! Muuza kahawa kacheka mpaka birika likamponyoka. Miaka 14 niko kwenye usukani wa Fuso mimi, leo naambiwa kanunue ya mtumbwi, na mtu hata kijiti hajatoa mdomoni!

Wa Kwanza Daima: Siti ya mbele kabisa. Weka picha ya hiyo lita 20, bila picha hii ni chai. Bloku lina tundu halafu iwake ilie kama cherehani?

SpanaKumiNaTisa: @Wa Kwanza Daima inawaka vizuri tu, hapo ni chini kwenye krenki, sio kwenye maji wala kwenye moto, oili inarukia tu. Itavuja baadaye pesa ikishaliwa. Ila mtoa mada na wewe una makosa, fundi unamleta baada ya kulipa?? Ukifika dukani cha kwanza shika bloku, ukikuta la moto ujue wameiwasha kabla hujaja, asubuhi inagoma hiyo. Ikiwa inawaka fungua kifuniko cha oili, ikipumua kama sufuria la maharage ringi za pistoni zimekwisha. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Na nyufa unazipata kwa mafuta ya taa na chaki: paka mafuta, futa pakauke, nyunyiza unga wa chaki, kaa kidogo, mstari unajichora wenyewe. Chaki tu mkuu. Ng'ombe wawili wamekushinda kipande cha chaki.

Mtoa mada: Chaki naijua, fundi alikuwa Magu kwenye msiba siku ile. Na hoja yangu sio chaki, hoja yangu ni YA MTUMBWI. Mbele ya muuza kahawa!

Mtoto wa Nansio: Samahani lakini, ya mtumbwi ina ubaya gani? Mbona unaandika kama umetukanwa mama? Sisi wa Ukerewe tunaishi kwa mashine za mtumbwi, na hao dagaa unaobeba wanaletwa na nini, wanaruka? Yangu HP 15 mwaka wa sita huu haijawahi kuniacha ziwani.

Sangara Mkavu: 😂😂😂 Kuanzia leo jina lako Mzee wa Lita 20

Mama Sembe: Afadhali yako muuzaji. Mimi fundi wangu mwenyewe, nimempikia, nimemlipia mtoto wake sare za shule, nimempa gari langu la kanta afungue nozo za kupulizia dizeli akapime, kanirudishia nozo za gari lingine. Nimezijua kwa sababu zangu nilizipiga alama na msumari. Anaapa zimejibadilisha zenyewe kwa joto.

SpanaKumiNaTisa: Mama usitufunge kapu moja. Mtoa mada, usimruhusu mtu alehemu hilo bloku kijiweni, ni chuma cha kumwaga, likipoa ghafla linapasuka pembeni ya weldi. Rudisha kama lilivyo.

Kigongo Original: Mnalilia injini? Mimi nilikuwa nauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya feri Kigongo, watu wanakaa masaa, wananunua. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 wanapita dakika chache na vioo wamefunga. Nani ataniandikia uzi mimi?

Sangara Mkavu: @Kigongo Original pole, ila feri tuliteseka sana, daraja libaki hapo hapo. Hamishia karai lako Nyegezi stendi.

Mama Sembe: Nyegezi ushuru utakumaliza. Nenda Buhongwa.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Kesho naenda na injini juu ya roli la kukodi, naishusha mlangoni kwake, naligeuza lile kopo lisomeke na kila mteja. Nani anakuja? Wa Mwanza nahitaji watu watano tu.

Kigongo Original: Buhongwa upande gani mama, pale kwenye kona au mbele?

Wa Kwanza Daima: @Mtoto wa Nansio hiyo HP 15 unauza? Shemeji yangu yuko Kayenze anatafuta kama hiyo.

Mtoto wa Nansio: Siuzi. Ila jirani yangu anayo, aje na fundi wake.

SpanaKumiNaTisa: Na chaki.