Mjadala: Filamu ya mtandaoni ipewe tuzo sawa na ya jumba la sinema?

Wadau, juzi barazani hapa Bagamoyo mzee wetu mmoja, mtu wa sanaa tangu ujana wake, alisema filamu inayotoka moja kwa moja mtandaoni isishindanishwe na iliyopita kwenye jumba la sinema. Kwake hiyo ni tamthilia ya simu tu. Namheshimu sana mzee, lakini hapa nampinga.

Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, ndicho TaSUBa ya leo, na vijana wanafundishwa kamera na uhariri humo. Jumba la sinema hatuna. Ukitaka pazia kubwa, panda basi uende Dar, ulipe nauli na kiingilio, halafu utafute usafiri wa kurudi usiku. Filamu tumezijua kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Bongo Movie yenyewe imekulia kwenye kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Steven Kanumba, nyota wa Bongo Movie, alipofariki 2012 nchi nzima ililia. Wangapi kati yetu walikuwa wamemwona kwenye jumba? Kipimo kikiwa jumba, kizazi chake chote hakimo.

Mzee alitaja Cannes, tamasha la filamu la Ufaransa. Ni kweli: 2017 filamu mbili za Netflix, kampuni ya filamu za mtandaoni, ziliingia mashindanoni, wenye majumba ya Ufaransa wakaja juu, na tangu 2018 haishindani filamu isiyotoka kwenye majumba ya nchi hiyo. Lakini 2018 hiyohiyo tamasha la Venice, Italia, liliipa filamu ya Netflix iitwayo Roma tuzo yake kuu, Simba wa Dhahabu, na mwaka uliofuata ikabeba tuzo 3 za Oscar kule Marekani. Mwaka 2022 filamu ya CODA, iliyosambazwa mtandaoni na Apple, ikatwaa Oscar ya Filamu Bora.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Oscar wanataka filamu ikae siku 7 mfululizo kwenye jumba la kibiashara. Netflix sharti hilo haliwapi shida: Roma waliipeleka kwenye majumba kwanza, wakalipia, mambo yakaisha. Uzio uliowekwa kwa ajili ya tajiri, tajiri anauruka, anayebaki nje ni mtayarishaji wa hapa aliyeuza pikipiki yake ili alipe waigizaji.

Kuhusu kutazama pamoja, hapo mzee ana hoja nzito na sitaipuuza. Ukiwa peke yako na simu, bando linakata, ujumbe unaingia, hata kilio cha mhusika hukisikii sawasawa. Basi sharti liwe filamu ionyeshwe hadharani, mbele ya watu, popote palipo na pazia na sauti nzuri. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wanaonyesha Ngome Kongwe, Unguja, uwanjani chini ya mbingu, na hakuna anayesema ile si sinema. Hata hapa TaSUBa ukumbi upo.

Mnaosimama na mzee, nijibuni hili: kijana aliyemaliza chuo hapa, filamu yake nzuri iko YouTube, hizo siku 7 za jumba azikodi kwa fedha za nani?